Sote Tuliandika Ishirini

Mwalimu Ditram tulimzika Mapera, siku ya Alhamisi, mvua ikitishia na kujizuia, na baada ya mazishi tukakalishwa chini ya maturubai tule. Nilikuwa na sahani ya wali na maharage mapajani. Mbele yangu walikaa wanaume wawili nisiowafahamu, wakimsifu mtoto wa marehemu, ambaye alikuwa amesoma wasifu wa baba yake bila kukohoa wala kukwama mahali. Mmoja akasema akili kama zile hazifundishwi, ni damu. Mwenzake akaitikia kwamba ndivyo, mtoto wa nyoka ni nyoka. Nilicheka peke yangu hadi mama aliyekaa pembeni akaniuliza kama najisikia vizuri, nikamwambia najisikia vizuri sana. Ningeanzia wapi kumweleza? Kwamba marehemu mwenyewe aliiamini hoja ile ya damu kuliko mapadri wengine wanavyoiamini Injili, kwamba aliiacha mwaka mmoja mbele ya macho yangu, na kwamba aliyemfanya aiache nilikuwa mimi. Nasema mimi. Unyenyekevu nimewaachia watakatifu, nao wilayani kwetu wana makanisa ya kutosha.

Ulikuwa mwaka ambao wanunuzi binafsi wa kahawa walianza kupanda milimani na mizani yao, baada ya miaka mingi ya mnunuzi mmoja. Kila kitu kilikuwa kinafunguliwa. Mitumba ilifika hadi minada ya vijijini, redio za betri zikaimba kwenye mashamba, na wazazi wa upande wa Matiri, waliochoka kuona watoto wao wanafaulu darasa la saba na kurudi kushika jembe kwa kukosa nafasi, wakafyatua matofali, wakaezeka bati, wakasema hii sasa ni sekondari. Kilikuwa chumba kimoja cha darasa na ofisi yenye nusu ya mlango. Madawati yalikuwa arobaini, ya mtu mmoja mmoja. Wanafunzi wa kidato cha kwanza tulikuwa arobaini na sita, kwa sababu kamati haikuwa na moyo wa kumrudisha mzazi aliyefika akitoa jasho. Sita kati yetu tulitoka ziwani. Tulipandishwa mlimani mwezi wa kwanza juu ya lori, tumekalia magunia ya usipa, wale samaki wadogo wa Ziwa Nyasa ambao mlimani wanapewa heshima kuliko nyama. Nilikuwa na miaka kumi na sita na sikuwahi kugusa mti wa kahawa. Msimu wa kuchuma ulikuwa bado miezi mitano mbele.

Nilipangiwa kukaa kwa Mzee Kolumban, mwenyekiti wa kamati ya shule, kwa sababu rafiki yangu Skola alikuwa mjukuu wake. Baba yake Skola, Osmund, ni mtoto wa tatu wa mzee huyo. Alipangiwa kazi kwenye zahanati kule kwetu Lundo kabla Skola hajazaliwa, ziwa likamnogea, hakurudi tena. Mkewe alimwoa Mpepai, huko huko mlimani. Kwa hiyo Skola ni Mmatengo, mtu wa mlimani, kwa baba na kwa mama, lakini alikulia mchangani pamoja nami, akianika usipa kwenye vichanja vya mama yangu na kuota ndoto kwa Kinyasa. Kimatengo alijua salamu na matusi mawili. Shuleni aliandikwa Skolastika Osmund, kutoka Lundo, basi, kwa kuwa sisi huandika jina la mtoto na la baba na ukoo hauonekani popote. Mwalimu Ditram, mkuu wa shule, alikuwa mgeni pale naye, ametoka Mapera mwaka huo huo. Alipoona wasichana wawili wanatoka nyumba ya mwenyekiti wakiongea Kinyasa, alijua ni wapangaji wawili kutoka ziwani. Hakuna aliyemsahihisha, maana hakuna aliyejua kwamba hajui.

Chumba chetu kilikuwa cha nyuma, kati ya magunia ya mahindi na mashine ya kumenyea kahawa, ambayo ilisubiri msimu ikiwa imefunikwa blanketi zuri kuliko letu. Baridi ya kule sijaisamehe mpaka leo. Tulivaa sweta mbili mbili, tukalala mgongo kwa mgongo, na asubuhi Bibi Otilia, mke wa mzee, alitupa uji wa mahindi wenye moto kiasi kwamba tulianza kwa kuukumbatia. Bibi alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu bonde la pili. Mimi ni Mwanglikana, naye alinipeleka misa kila Jumapili bila kuniuliza, akisema Mungu hatanidai kadi. Nilipougua mafua alinikalisha jikoni siku mbili, akanilisha viazi vya kuchoma na kunisimulia kesi za ukoo wao tangu enzi za babu zake, nani alimnyima nani mbuzi na aliomba radhi kwa maneno gani. Nilipona nikiwa najua ukoo ule kuliko wangu.

Ila shule yangu ya kweli ndani ya nyumba ile ilikuwa sengu. Kwa Wamatengo sengu ni kula pamoja: wana wote wa mzee mmoja hukusanyika kwake, kila mke akileta chakula alichopika, na mambo ya ukoo huzungumzwa hapo hapo mikono ikiwa bado ina ugali. Bibi alisema zamani ilikuwa kila siku. Kwa Mzee Kolumban ilikuwa imebaki ya Jumapili baada ya misa. Wanaume walikula sebuleni, wanawake jikoni, na sisi wasichana kazi yetu ilikuwa kunawisha watu mikono, kuongeza mboga na kuondoa vyombo. Anayeondoa vyombo taratibu husikia mengi, na nina hakika hakuna msichana Tanzania nzima aliyeondoa vyombo taratibu kama mimi. Nilisikia wakibishana kama wamuuzie kahawa yule mnunuzi mpya aliyekuja na mzani wake mwenyewe. Nilisikia wakiamua shamba la mjane. Mzee Kolumban alikuwa na sheria mbili. Mdogo husema wa kwanza, ili asije akaogopa maneno ya wakubwa. Na hakuna kumpinga mtu mpaka kwanza uirudie hoja yake mwenyewe, naye akubali kwamba umeirudia sawasawa. Vijana wengi walishindwa kwenye sheria ya pili. Walikuwa wepesi wa kupinga kuliko wa kusikiliza. Mimi nilikuwa nafanya mazoezi kimya kimya karoni, narudia hoja za watu wazima huku nasugua sufuria.

Mwalimu Ditram alifundisha hesabu na baiolojia, na alikuwa mwalimu mzuri. Ningesema hivyo hata siku niliyomchukia. Alichora duara ubaoni kwa mkono mtupu na lilifungika. Lakini alikuwa na imani yake. Baba yake alikuwa mkalimani wa wamisionari, babu yake fundi wa kuchonga madhabahu, na yeye alijiona ni mto uliotoka kwenye chemchemi ile. Alifuga nguruwe wa mbegu bora nyuma ya ofisi, akatuonyesha, akasema kwa binadamu ni vile vile: utalisha, utaosha, utapiga kelele, lakini mbegu haibadiliki. Alikuwa na daftari lenye jalada gumu ambamo kila mwanafunzi aliandikiwa baba, babu, kazi zao na wanatoka wapi, ila kwa sisi wa ziwani aliona baba na kijiji vinatosha. Watu wa ziwani, alisema bila chuki yoyote, wamejaliwa mikono na sauti za kuimba. Kichwa cha hesabu wamejaliwa wengine. Hakutupiga wala kututukana. Alitusemesha kwa upole kama watu walio kwenye foleni ya zahanati, na hakutuuliza maswali darasani ili asituaibishe. Upole ule uliniumiza kuliko fimbo. Mwezi wa pili nilikuwa nanyoosha mkono. Mwezi wa nne niliacha. Mwezi wa tano, nikipewa hesabu niliyoifanya darasa la tano nikiwa nimefumba macho, nilikuwa natazama kwanza daftari la jirani. Nilishaanza kuamini. Mtu akikuangalia kila siku kana kwamba huwezi, unaanza kumsaidia kutoweza.

Mwezi wa sita ukaja mchujo. Madawati arobaini, watu arobaini na sita, sita lazima warudi kwao. Mtihani ulikuwa wa hesabu, maswali kumi, na Mwalimu alituketisha sisi wa ziwani mbalimbali kabisa, kila mmoja na ukuta wake, asije mtu akasema tulisaidiana. Swali la kwanza naweza kulisoma hata leo: Mkulima amechuma kilo sitini za kahawa mbivu. Je, atapeleka mnadani kilo ngapi za kahawa kavu? Basi. Hakuna neno lingine. La nne liliuliza kahawa iliyomenywa Jumatatu asubuhi itaoshwa siku gani. Saba kati ya kumi yalikuwa ya namna hiyo. Nilikaa nikitazama ukuta. Kisha nikajiambia kitu kibichi ni kitu kibichi, nikamkumbuka mama akisimamia vichanja, akisema mzigo wa usipa mbichi uliobebwa na watu watatu, ukikauka unabebwa na mmoja. Sitini gawa kwa tatu. Nikaandika ishirini. Kwenye swali la nne niliandika Jumatatu hiyo hiyo, kwa sababu nani anakaa na kitu bila kukiosha? Sikujua kwamba kahawa iliyomenywa huachwa kwanza ichachuke siku mbili.

Matokeo yalibandikwa Ijumaa kwenye ile nusu ya mlango. Nafasi ya arobaini na moja hadi ya arobaini na sita zilikuwa zetu, sita wa ziwani, bila kuchanganyika na mtu. Skola alikuwa wa arobaini na mbili, mimi wa arobaini na nne. Jibu la swali la kwanza lilikuwa kumi na mbili, kwa kuwa kahawa mbivu kilo tano hutoa kavu kilo moja, jambo ambalo mtoto wa Matiri hulijua kabla ya kujua Baba Yetu. Sisi sote tuliandika ishirini. Tulipoulizana, hata sisi ilitutisha. Kurudi nyumbani kulikuwa na maana moja tu. Hakukuwa na sekondari nyingine ya kunipokea, na mama alikuwa ameshautangazia ufukwe mzima kwamba Hilda yuko mlimani anasoma. Jumamosi tulikaa chumbani kwetu juu ya magunia, tukalia. Skola aliona aibu kumwambia babu yake, akaificha karatasi yake chini ya mahindi. Bibi Otilia alipoingia kuchukua unga alituangalia, akauliza nani kafa, tukasema hakuna, akasema basi mfute nyuso, kesho kuna mgeni.

Mgeni alikuwa Mwalimu Ditram mwenyewe, na daftari lake, na karatasi zetu zimefungwa kwa uzi. Alikuja kupata idhini ya mwenyekiti kabla ya kutuaga rasmi Jumatatu. Akapewa kiti, akanawishwa mikono na mimi, akala ugali na kuku vizuri, akasifu mboga. Nikaanza kuondoa vyombo. Sikuondoa hata sahani mbili kabla hajaanza kusema, nikabaki ukutani na jagi la maji.

"Mwenyekiti," alisema, "sisemi kwa chuki. Watoto hawa wana adabu kuliko wengine wote. Lakini tazama jambo hili. Niliwatenganisha mwenyewe, kila mmoja na pembe yake, na wote sita wameandika ishirini. Hata kosa lao ni moja. Hiyo ni nini kama si damu?"

Wana wa mzee walitikisa vichwa. Mmoja akasema ni kweli, jambo la ajabu, watu sita kukosea sawasawa. Mzee Kolumban alikuwa anachokoa meno. Akaomba asomewe majina ya hao sita. Mwalimu akafungua daftari na kusoma polepole, langu likiwa la tano, na la mwisho akasoma Skolastika Osmund. Mzee akauliza huyo wa mwisho ni mtoto wa nani. Mwalimu akapitisha kidole kwenye mstari, akajibu ni wa Osmund fulani wa Lundo, mtu wa ziwani.

"Osmund nimemzaa mimi," alisema Mzee Kolumban. "Chumba kile pale. Na mama wa mtoto ni wa Mpepai, mahari nilipeleka kwa miguu yangu."

Nilimwona Mwalimu anarudia kusoma mstari ule kana kwamba utabadilika. Hapa nataka nimtendee haki marehemu: mtu mwongo angesema basi tumwache huyo mmoja, tuendelee. Yeye alikuwa mkweli, na mtu mkweli akishikwa hutafuta maelezo. Akasema basi, Mzee, mtoto huyu ameharibiwa na malezi ya kule, amekulia mahali pasipo na wa kumchangamsha. Angekulia hapa nyumbani, asingeandika ishirini.

Sijui nilipata wapi miguu. Najua tu kwamba jagi lilikuwa bado mkononi na kwamba nilikuwa nimefanya mazoezi miezi sita karoni.

"Babu, naomba nirudie maneno ya Mwalimu."

Mzee akaniangalia, akaangalia wanawe, akasema rudia.

"Shikamoo, Mwalimu. Umesema mimi niliandika ishirini kwa sababu ya damu. Na umesema Skola aliandika ishirini kwa sababu ya malezi. Nimesema sawasawa?"

"Marahaba. Umesema sawa," alijibu Mwalimu, na sauti yake ilionyesha kwamba ameshaona linakokwenda.

"Tumekulia kwenye kichanja kimoja, na jibu letu ni moja. Kwa nini yeye apewe malezi, mimi nipewe damu?"

Kicheko cha kwanza kilitoka jikoni, na kilikuwa cha Bibi Otilia. Mzee hakucheka. Akaniuliza hiyo ishirini tuliitoa wapi, nikamweleza habari za usipa, mzigo wa watu watatu kubebwa na mmoja, na Skola akaja mlangoni, akasema kwa Kimatengo chake cha kuchechemea kwamba hata yeye alimkumbuka mama Hilda. Mzee akaomba karatasi. Akavaa miwani, akasoma swali la kwanza kwa sauti, akageuza nyuma ya karatasi kuona kama kuna maneno yaliyobaki. Akauliza swali hili linapima hesabu au linapima mtu kazaliwa wapi. Mwalimu akasema, kwa unyonge, kwamba kila mtu anajua ni tano kwa moja. Mzee akasema kila mtu yupi, hawa wamekuja mwezi wa kwanza, kahawa wameiona ikiwa bado ya kijani mtini. Kisha akatoa uamuzi wake, na kama kawaida yake aliutoa kana kwamba anaomba chumvi. Mchujo urudiwe na watoto wote arobaini na sita, na kila swali liseme lenyewe kila kinachotakiwa kujulikana. Na siku hiyo hiyo walimu wote, pamoja na wanakamati wanaojua kusoma, wafanye mtihani wa maswali kumi utakaotungwa na Hilda.

Sijawahi kufanya kazi kwa furaha kama nilivyotunga mtihani ule. Siku hizi natunga mitihani kwa mshahara, nafundisha hesabu chuo cha ualimu, na kila nikikaa mezani huwa nawatania wanachuo wangu kwamba mtihani wangu bora niliutunga juu ya gunia la mahindi. Skola alilala kifudifudi akiandika, mimi nikiamuru. Tulikubaliana kutoweka mtego wowote. Kila swali lilikuwa jambo ambalo mtoto wa miaka minane wa Lundo angelijibu huku anakimbia. Mtumbwi umeleta kilo sitini za usipa mbichi, zikikauka zitabaki ngapi? Usiku wa mwezi mpevu, wavuvi wa taa watatoka saa ngapi? Mhogo uliolowekwa Jumatatu utatolewa majini siku gani? La kumi tulilifanya la hesabu tupu, ili mtu asitoke na sifuri. Bibi Otilia alikuja kutusikiliza, akajaribu matatu akakosa yote, akaondoka akisema anasikia sufuria inaungua.

Mtihani ulifanyika Jumamosi iliyofuata, wanafunzi asubuhi, wakubwa mchana. Watu wazima kumi na mmoja walijikunja kwenye madawati ya watoto, walimu watatu na wanakamati wanane, Mzee Kolumban mbele kabisa na penseli. Mimi na Skola tulizunguka kati yao tukisimamia. Nilimwona mwanakamati mmoja, mtu mzito mwenye ekari za kahawa, akichungulia karatasi ya jirani yake, na kwa raha ambayo sijaipata tena maishani nilimwambia kwa adabu atazame ya kwake.

Matokeo yalisomwa mkutano wa wazazi, na aliyeyasoma ni Mwalimu Ditram, kwa sauti yake ile ya darasani. Alianza na ya watoto. Wa kwanza msichana wa Matiri, wa pili mvulana wa Mapera. Wa tatu, Hilda. Bibi Otilia alipiga kigelegele kilichomfanya padri aliyekuwa akipita barabarani asimamishe pikipiki. Skola alikuwa wa tisa. Wenzetu watatu walikuwa katikati huko, salama kabisa. Mmoja wetu, Alfege, alianguka tena, na sitaficha. Alisema hana ugomvi na mtu, amechoka na baridi, akarudi Lundo, na leo ana mitumbwi minne na hunicheka kila nikimtembelea. Walioanguka pamoja naye walikuwa watoto watano wa hapo hapo mlimani, na ndani ya wiki moja baba zao wakachonga madawati matano. Kumbe madawati yalikuwa yanachongeka muda wote.

Watu huniuliza, hasa wanachuo wakorofi, basi wewe unasema damu haina neno? Sisemi hivyo. Nimefundisha miaka mingi, nimeona watoto wa tumbo moja, chungu kimoja, mmoja akishika jambo likiwa bado hewani na mwenzake akilitafuta siku tatu. Wangu mwenyewe wako hivyo, na yule mzito akileta ripoti yake najikuta namwambia ametoka kwa babake. Mtu anachozaliwa nacho sikijui mimi, na sijakutana na anayekijua. Ninachojua ni kwamba ilitosha mtu mmoja mwenye mamlaka kuamini anakijua, nikakaribia kurudishwa nyumbani juu ya lori. Na najua nusu ya akili niliyosimama nayo sebuleni siku ile niliiokota chini ya miguu ya watu waliokuwa wakila. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo, na mimi katika mwaka ule nililelewa na watu wasio damu yangu, nashukuru.

Baada ya majina ya watoto Mwalimu hakukaa. Akasema sasa ni zamu ya wakubwa. Karatasi kumi zilikuwa zimesahihishwa na Skola nami, akazisoma moja moja, na watu wakacheka hadi wakashikana: mlima mzima ulikuwa umeandika kumi na mbili kwenye swali la usipa, Mzee Kolumban naye akiwemo. Ya kumi na moja ilikuwa yake mwenyewe. Hakuwa ameileta isahihishwe, tukadhani ameona haya. Akaitoa kwenye daftari lake gumu, akaniita mbele, akaniwekea mezani pamoja na kalamu yake nyekundu, akasema nisahihishe hapo hapo, watu waone. Naye alikuwa ameandika kumi na mbili. Wavuvi wake walitoka saa moja jioni kwa kuwa mwezi mpevu unamulika vizuri, wakati mtoto yeyote wa kwetu anajua kwamba usiku huo taa haimvuti samaki na watu hulala. La mhogo alipata, sijui kwa bahati gani, na la kumi. Nikapiga mikwaju minane. Nikaandika mbili kwa kumi, nikataka kumrudishia karatasi, kisha nikakumbuka jambo. Watoto wa mlimani walipofanya vibaya, chini ya alama zao alikuwa akiwaandikia neno la kuwatia moyo. Karatasi zetu sisi sita zilirudi na namba tupu miezi yote ile, kwa sababu aliamini kuhimiza mtu asiye na mbegu ni kumsumbua bure. Nikaivuta tena ile karatasi, na chini ya mbili kwa kumi, kwa herufi kubwa ambazo hata waliokaa nyuma wangeweza kuziona, nikaandika: Ongeza bidii. Mwalimu Ditram aliisoma akiwa amesimama. Halafu, mbele ya wazazi wote, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni, akaniambia, "Nitaongeza, Mwalimu."